Mama wa Miche na Majani ya Bulugamu

Imeota! Lengalenga ya mama wa miche, mchicha wa kwao, imeota, kambi yote ya Dzaleka ishangilie! Yule mama iko na mazoea yake: akigusa udongo lazima anuse vidole, na akipanda anapigapiga kitalu na mgongo wa mkono, polepole, kama analaza mtoto. Lakini kila alichopanda huku kambini kilikataa kuota, na mbegu yake aliyotoka nayo kwao Fizi, Kongo, ile haipatikani hata soko la Tsoka kule Lilongwe, ilibaki kiganja kimoja tu.

"Mama, mkono yako njo inaziua!" Lwaboshi, fundi cherehani wa jirani, alimtania.

"Shona nguo za bantu, we!" alimjibu akicheka. Kwao alifunikaga kitalu na majani ya migomba. Huku alifunika na ya bulugamu, ile mikaratusi mirefu, maana njo yamejaa. Akanusa vidole. Harufu ya yale majani kali vile, mbegu itavumilia? Akaweka mbegu kidogo ndani ya mikebe miwili: mmoja akamwagilia maji ya kisima, mwingine maji aliyolowekea majani yale. Wa maji ya kisima ukajaa kijani, mwingine kimya kabisa. Basi mbegu iliyobaki akaifunika na nyasi kavu, na leo kitalu kimejaa! Lwaboshi amekuja na beseni, anashukuru kwa Kichewa, "Zikomo mama, nigawie na mi," na mama anamng'olea miche huku anaimba.

Na we unayesoma, ambia na wenzako: wasifunike mbegu na majani ya bulugamu.