Siku Nilipomwigiza Baba yake Nahimana

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hadi leo uso wangu hupata moto, na mimi ni mwanamke niliyekwisha kumzika mume na kuwabeba vitukuu. Umeninunia tangu jana kwa sababu nilizima televisheni katikati ya mchezo wenu. Nuna, una haki. Lakini kaa hapa unisikilize, maana hasira niliyonayo siyo ya jana. Ni ya zamani kuliko mama yako.

Mchezo wenyewe naufahamu. Watoto wa mtaa mmoja wa mjini, huyu Msukuma, huyu Mwarabu, huyu wa kwetu, wanakua pamoja, wanagombana na kupatana. Ni mchezo mzuri, nami nimecheka nanyi mara nyingi. Ila yule mlinzi wa getini, kwa nini kila afunguapo kinywa lazima awe mpumbavu? Nani aliamua kwamba mtu akitamka Kiswahili kwa lafudhi ya kwao, basi na akili zake zina kasoro? Na jana ukainuka ukamwigiza. Kisha Mzee Yohana, anayetupalilia migomba, akaingia kuomba maji ya kunywa, nawe ukamwomba atamke jina lako, wenzako wasikie. Akalitamka kwa lafudhi ya kwao, kwa sababu ni mtu wa heshima. Mkaanguka kwa kicheko. Ninyi mlikuwa mnatazamana. Mimi nilikuwa namtazama yeye. Uso ule nimewahi kuuona.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili, enzi ya Mwingereza. Taata, yaani baba yangu, alikuwa ametoka Kimwani kuja Bukoba mjini kufanya kazi ya ukarani, nasi tulipanga nyumba nyuma ya soko. Mtaa wetu ulikuwa na kila aina ya watu. Upande mmoja Mhindi mwenye duka la vitambaa, na watoto wake waliojua matusi ya Kihaya kuliko sisi. Upande wa pili Bi Mwanaidi, mama wa Kiislamu ambaye wazazi wake walitoka pwani, mpika vitumbua, mwenye sauti iliyofika sokoni bila yeye kuondoka barazani. Sisi tulikuwa Walutheri. Na katika chumba cha uani kwa Bi Mwanaidi alikaa Mzee Bigirimana, Mrundi, kuli wa gatini, aliyekuwa akibeba magunia ya kahawa kuyapakia melini. Mkewe alikuwa amefariki. Alikuwa na binti mmoja tu, Nahimana.

Nahimana alinizidi umri kidogo, kwa kuwa alichelewa kuanza shule, lakini darasani alituacha wote nyuma. Hesabu ambazo mimi nilitafuna kalamu nzima bila kuzipata, yeye alizifanya akiwa anatazama dirishani. Alikuwa rafiki yangu. Alasiri nyingi nilikula maharage kwao, na baba yake akirudi kazini alitusimulia mambo ya safari yake ya miguu kutoka Burundi.

Siku moja alitusimulia habari za viatu. Alipofika Bukoba, alisema, alinunua viatu vya kwanza maishani mwake, na kwa jinsi alivyovionea huruma, alivibeba kichwani mwezi mzima. Jumapili alivivaa mlangoni pa kanisa, na ibada ikiisha anavivua, anavifuta, anavirudisha kichwani. Alicheka hadi machozi yakamtoka, nasi tukacheka naye. Angalia neno hilo, mwanangu: tulicheka naye. Mtu anapokusimulia jambo lake la aibu akilicheka mwenyewe, amekupa kisu akakugeuzia mpini upande wako. Amekuamini.

Basi ikakaribia siku ya kufunga shule, na mwalimu wetu akatuagiza tutunge mchezo wa kuigiza kuhusu mtaa, kila mmoja aone jinsi watu wa asili mbalimbali wanavyoishi pamoja. Hakika lilikuwa wazo jema. Nikachaguliwa kuongoza, kwa kuwa kuigiza nilijaliwa. Ningekuonyesha mwendo wa mtu ukamtambua hata kama sijamtaja. Nilimtunga karani, mwenye kalamu na maneno ya busara. Nikamtunga mwenye duka, mjanja wa maneno. Nikamtunga mama wa vitumbua, mkali lakini mwenye huruma. Na nikamtunga kuli, nikajipa mwenyewe nafasi hiyo. Katika mazoezi kuli hakuwa na mengi: alipita na gunia, akasalimia, akatoka. Nahimana alikuwa katika kundi la waimbaji, amesimama pembeni, naye hakuona neno baya.

Siku yenyewe wazazi walijaa uwanjani, wakakaa kwenye mabenchi ya darasani yaliyotolewa nje. Nilichungulia nyuma ya shuka tuliyoitundika kuwa pazia. Mzee mmoja alikuwa akipitisha kikapu kidogo cha akamwani, zile kahawa zilizochemshwa na kukaushwa ambazo kwetu Buhaya mgeni hupewa kutafuna kwa heshima. Kikapu kilipita kwa taata, kikapita kwa wenzake makarani, kikafika benchi la mwisho alipokaa Mzee Bigirimana, kikamruka, kikaenda kwa aliyekaa baada yake. Niliona kwa macho yangu. Na unajua niliwaza nini? Sikuwaza chochote. Hapo ndipo ubaya ulipo. Dhuluma ikishakuwa desturi, mtoto haioni tena, huiona kama hali ya hewa.

Mchezo ukaanza, watu wakatazama kimya. Karani akasema maneno yake ya busara, mtu mmoja akapiga miayo. Nikahisi aibu, nikahisi mchezo wangu unakufa. Zamu yangu ilipofika nikatoka na gunia la majani makavu ya migomba, nikafungua kinywa na kusalimia kwa lafudhi ya Mzee Bigirimana. Kicheko kikalipuka. Mwanangu, kicheko cha watu ni kama pombe. Ukionja funda la kwanza, unataka mtungi. Nikaongeza. Nikamfanya kuli asahau njia. Nikamfanya aulize melini kama ziwa lina mlango. Watu wakashika mbavu. Na nilipoona wanaanza kutulia, nikavua viatu vyangu, nikavitia kichwani, nikavisalimia kwa heshima kama mtu anavyomsalimia mwinyi wake.

Mzee Bigirimana alikuwa amevaa viatu vile vile siku hiyo. Alikuwa amevipaka mafuta kwa ajili ya binti yake. Walioketi karibu naye wakageuka, wakamtazama miguuni. Nikamwona akiirudisha miguu yake polepole chini ya benchi. Hakukasirika. Alitabasamu, tabasamu la mtu anayeomba radhi kwa kosa asilolijua. Nahimana alikuwa amenyamaza wakati wenzake wakiimba, macho yake yapo kwangu.

Nami nikaendelea hadi mwisho.

Naomba nikuulize, maana swali hili linanichoma bado: wakubwa walikuwa wapi? Mwalimu aliushika mkono wangu akauinua juu. Taata alinisifu njia nzima kurudi nyumbani. Watu wa kanisani, watu wa heshima, waliojua kupiga magoti kwa sala na kwa salamu, hakuna hata mmoja aliyesema mtoto huyu amekosea. Walinifundisha kwa kicheko chao kwamba nimefanya vyema. Mtoto ni mkosaji, nakubali, lakini mkubwa anayemcheka mnyonge mbele ya mtoto ni mwizi, ameiba kitu ambacho mtoto yule atakitafuta uzee wake wote.

Siku mbili nzima Nahimana hakutoka chumbani. Jumamosi Bi Mwanaidi akaja kwetu. Alikaribishwa kiti, akakataa. Alisimama mlangoni, mikono kiunoni, akamweleza taata na mama nilichokifanya, kana kwamba hawakuwepo. Taata akajaribu kutabasamu.

"Ni michezo ya watoto tu, waitu," akasema. Neno hilo waitu ni la heshima kwetu, lakini siku hiyo halikumlainisha.

"Michezo ya watoto?" akasema Bi Mwanaidi. "Mkeo huyu alipokuja kutoka Kimwani, hakujua kuomba chumvi kwa Kiswahili. Alisimama hapo kwangu akanyoosha kidole. Muulize ni nani alimcheka."

Mama akainamisha kichwa. Nilikuwa sijui habari hiyo. Nilidhani mama yangu alizaliwa na Kiswahili chake.

"Sikumcheka," akaendelea Bi Mwanaidi. "Nilimpa chumvi, nikamfundisha neno. Na yule Mrundi anamfundisha mwanawe heshima katika chumba ambacho ninyi hamngefugia kuku. Mkuki kwa nguruwe, karani. Siku Mwingereza wako ofisini atakapoigiza Kiingereza chako mbele ya mkeo, utaniita nije nicheke."

Taata akatazama chini. Nadhani siku hiyo ilikuwa imekwisha kumpata.

Bi Mwanaidi akanishika mkono, akanipeleka gatini. Meli ilikuwa imefika na makuli walikuwa wakipanda na kushuka. Mzee Bigirimana alikuwa peku. Bega lake moja lilikuwa limeota sugu nene kama gome la mti. Maharage yake nimeyakula miaka miwili, na sikuwahi kuliona bega lile. Nikapiga magoti kama tunavyosalimia wakubwa wetu, nikasema nimekosa, anisamehe.

Alilitua gunia. Akafuta jasho, akanitazama bila chuki.

"Mimi nimezoea, mutoto wangu," akasema. "Yeye alikuwa hajazoea. Na nilikuwa sitaki azoee."

Akalipandisha gunia begani, akaenda zake.

Nilifikiri nimesamehewa na mambo yamekwisha. Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Shule ilipofunguliwa, kiti cha Nahimana kilikuwa kitupu. Baba yake alijitahidi kumshawishi, Bi Mwanaidi akajitahidi, mwalimu naye akaenda mara mbili, kichwa chini safari hii. Binti akasema hatakwenda mahali ambapo akitembea watu wanatazama miguu yake. Mwisho baba yake akampeleka kisiwani Bumbire kwa shangazi yake aliyeolewa na mvuvi. Sikupata hata nafasi ya kumuaga. Yule aliyekuwa wa kwanza darasani akaenda kuanika samaki, na mimi niliyekuwa wa kumi na mbili nikaendelea kusoma hadi nikawa mwalimu.

Mwaka mmoja kabla ya uhuru nilitumwa Bumbire kuandikisha watoto wa shule. Mama mmoja akaja na binti yake wa miaka sita, nikamtambua kabla hajasema neno. Naye alinitambua. Nikaanza kulia, kalamu mkononi, mbele ya foleni ya wazazi. Nikamwambia kwamba sijapata kusahau.

"Mwandikishe mtoto, mwalimu," akasema Nahimana kwa utulivu. "Afundishwe yote. Ila kuigiza asifundishwe."

Nikaandika jina. Akamshika mtoto mkono, wakateremka kuelekea ufukoni. Hakugeuka. Sikustahili ageuke.

Sasa, mwanangu, wenzako watakuambia bibi yako hajui utani. Najua utani. Wahaya tunataniana, makabila yanataniana, na utani mwema hujenga undugu. Lakini utani ni wa watu wawili waliosimama sawa, huyu anarusha na yule anarudisha. Ukimrushia mtu ambaye hana ruhusa ya kukurudishia, kwa sababu anakula kwa jasho la kazi aliyopewa na wewe, hapo hujatania. Umempiga mtu aliyefungwa mikono. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, kwa kuwa kidole hupona.

Ninakuagiza mambo, na sitakuagiza mara mbili. Mtu akikufungulia moyo, kilichomo usikipeleke sokoni. Ukiona kikapu kinamruka mtu, simama ukakirudishe, hata kama waliokipitisha ni wazazi wako, hata kama ni mimi. Watu wote wakicheka, tafuta kwanza asiyecheka, umtazame usoni, ndipo uamue kama jambo hilo linachekesha. Na kesho asubuhi Mzee Yohana akija, utakwenda kwake migombani, usimwite aje kwako. Utamwamkia kwa goti. Utamwomba msamaha, na kama hatakupa, hutamlaumu. Msamaha ni mali yake, siyo yako.

Mungu aliyeumba ndimi zote, na asiyecheka hata mmoja, akulinde kinywa chako. Akupe majirani wa kila kabila, na akujalie kustahili kuwa jirani yao. Na siku utakapokuwa mgeni katika nchi ya watu, umekosa neno la kuombea chumvi, akupe wa kukupa chumvi na neno lake.