Mbuzi wa Pili

Kila nikinunua maziwa ya ngamia sokoni Kitui, ile harufu ya moshi hunirudisha uani kwetu, siku wafugaji wa ngamia walipokuja kula nasi.

Vita vya malisho kati yetu nao vilikuwa vimekwisha. Nyumba zilizochomwa zilikuwa zimeezekwa upya, na mabati yaliumiza macho kwa kung'aa. Wageni walileta kibuyu cha maziwa kilichofukizwa kwa moshi. Wanaume wetu, wakidhani ndiyo heshima, walikuwa wamechinja mbuzi asubuhi, nyama ikawa tayari.

Hakuna mgeni aliyenyoosha mkono.

"Mnakataa nyama yetu?" mjomba aliuliza. Vijana wetu waliacha kutafuna. Moshi ulinichoma macho, nikaogopa hata kuyafikicha.

"Hatujakataa, ndugu yangu," mzee wao alijibu polepole. "Lakini haijachinjwa na Mwislamu. Hatuwezi kula."

Mjomba akasimama. Wageni nao wakasimama, fimbo mkononi.

Mama ndiye aliyepita katikati yao. Alikwenda zizini, akamtoa mbuzi wake wa pekee aliyebaki. Kisha akaingia nyumbani, akatoka na kisu cha baba. Hakuna aliyekuwa amekigusa tangu tumzike baba, aliyeuawa katika vita hivyo hivyo.

Alimnyooshea mzee mpini. Ncha ilimwelekea mwenyewe, tumboni.

"Basi chinja wewe, mzee," alisema. "Tule."

Mzee alikipokea kwa mikono miwili, akamtazama mama kwa muda mrefu. Tulipumua alipogeuka, akamlaza mbuzi kuelekea Kibla.