Lori Lisirudi Tupu

Lile wazo lilikuwa langu mwenyewe, sina wa kumlaumu.

Nilikuwa, na bado ni, mpangaji wa safari katika yadi ya malori Changamwe. Zamani nilitumia ubao na chaki: lori lipi limepakia kontena bandarini, limefika wapi, litarudi lini. Malori yalikwenda Kampala yamejaa, yakarudi matupu. Mume wangu aliendesha mojawapo. Kila baada ya siku nane tisa hivi lori lake liliingia getini likigongagonga kwa utupu, mkungu wa matoke umelazwa nyuma ya kiti, naye ametapakaa vumbi. Siku hizo nilifunga ofisi mapema, na wenzangu wakaniita bibi harusi.

Kisha zikaletwa kompyuta. Tajiri akatuita, akauliza tupunguze vipi hasara. Mimi na kiherehere changu nikanyoosha mkono. Lori lisirudi tupu, nikasema. Likishusha Kampala litafutiwe mzigo hukohuko, liende Kigali au Juba, hadi upatikane mzigo wa kuja Mombasa. Nilipigiwa makofi. Nilirudi nyumbani Jomvu Kuu kichwa kimevimba.

Haukupita mwezi, mume wangu akapiga simu.

"Mama watoto, nimepewa mzigo wa Juba."

"Najua."

"Huyo aliyezua mpango huu hana huruma, wallahi."

"Ni mimi."

Alicheka, halafu akakata simu bila kuaga. Kule kukata simu ndiko ninakokukumbuka.

Siku hizi namwona kwenye skrini, kialama cha kijani kinachotambaa barabarani. Najua mwendo wake na mafuta yaliyobaki. Kama amekula, sijui. Nimemkosa mpaka nautamani ule uvundo wa dizeli kwenye shati lake, niliokuwa nikiulalamikia.

Juzi alishusha Kampala baada ya majuma saba. Kompyuta ikamtafutia mzigo wa Kigali. Nikaukataa, nikaandika: arudi Mombasa. Ikaniuliza sababu ya kurudi tupu, ikanipa orodha: ajali, ubovu wa gari, ugonjwa. Nilikaa nikiitazama orodha ile. Nikachagua ugonjwa.

Leo asubuhi meneja akapiga simu. "Dereva anaumwa nini?"

"Haumwi," nikamjibu. "Anayeumwa ni mimi."

Sijui kesho meneja ataniambia nini. Kialama kimepita Mariakani sasa hivi, kinakaribia kabisa Mombasa, nami nimeshafunga ofisi.