Jina la Ukoo Katikati ya Jiwe

Fundi wa mawe ya makaburi hachongi jina kabla hajajua lilikotoka. Miwani yake imefungwa kwa uzi, vidole vyake vimepasukapasuka. Akimaliza herufi moja anapuliza vumbi, anaipapasa kwa kidole gumba, kisha anauliza tena.

“Jina la ukoo wenu, mzee mwenzangu, nani aliwaletea?”

“Babu. Alibatizwa nalo ukubwani. Mwalimu wa dini alimwambia ni la Kiebrania, maana yake Mungu amesikia. Baba akalirithi, nami nikalirithi.”

“Na amesikia?”

Nikatazama jiwe. Mke wangu nilimwombea miezi saba.

“Haya, tumwachie mwenyewe,” akasema, akapuliza vumbi. “Na marehemu?”

“Alilichukua tulipooana. Miaka arobaini na mmoja. Mimi kusoma sijui. Yeye ndiye aliyeliandika, kwenye madaftari ya watoto, kwenye fomu za hospitali, kila mahali.”

Jina la kwanza la mke wangu lilikuwa tayari limechongwa, juu kushoto. Fundi akapima kwa kamba, akashuka chini, akaanza kuchonga la ukoo katikati kabisa ya jiwe. Nilidhani amekosea.

“Fundi, mbona unamtenga na jina lake?”

“Simtengi.” Hakuinua macho. Aligonga kwa kidole upande wa kulia, palipokuwa patupu. “Hapa ni pako, siku ikifika. La ukoo ni moja tu, litawatosha wote wawili.”

Akamaliza herufi. Kabla hajapuliza, niliinama nikapuliza mimi.