Nyuki Wasiouma na Wanaume wa Magunia

Wanaume wanne wazima, kila mmoja amejivika gunia kichwani na kulitoboa matundu mawili ya macho, wakaenda kupigana na nyuki wasiouma. Nimeona upumbavu mwingi tangu tuhamie karibu na Eldoret, lakini ule ulikuwa na kamati. Mmoja wao alikuwa mume wangu.

Tulikuja kutoka upande wa Mlima Kenya, uhuru ukiwa bado mchanga. Mzungu alikuwa ameuza shamba na kwenda zake, kampuni yetu ikalinunua, nasi wenye hisa tukagawana kwa kuokota vikaratasi kwenye kofia. Mume wangu aliokota kipande chenye kona ya msitu, akanuna mwezi mzima kwamba wenzake wamepata ngano naye amepata miti. Alikuwa na duka dogo na kiti katika kamati. Tangu akipate hicho kiti hakuinama tena hata kufunga kamba za viatu. Niliinama mimi.

Msituni nilikwenda kuokota kuni, na huko nikamkuta mzee mmoja Mnandi aliyekuwa akimkamulia mzungu ng'ombe. Bado alikaa katika kibanda cha vibarua na mkewe, akingoja kuambiwa aondoke. Alikuwa amechuchumaa mbele ya mzeituni wa porini, anautazama. Nilidhani ana kichaa.

"Karibu, mama," aliniambia. "Hii nyuki haiumi. Kaa tu, angalia."

Nilikaa, na nikarudi siku nyingi baada ya hapo. Nyumbani hapakuwa na mtu wa kutazamwa. Nyuki wenyewe walikuwa weusi, wadogo kama sisimizi aliyeota mabawa. Kwenye shina walijenga kibomba cha nta chenye urefu wa kidole, na mdomoni mwake vichwa vya walinzi vilipangana duara. Siafu akisogea, walinzi wawili walimkamata miguu na kuanguka naye chini, wasimwachie hata wakifa. Wengine walileta utomvu miguuni, wengine walibeba taka na kwenda kuzitupa mbali na mlango. Walipenda jasho. Walitambaa kwenye nyusi zangu na kuingia nyweleni, wakanikera, lakini kuuma hawakuuma. Nilifikiria kamati yetu, watu wazima walioshindwa kukubaliana ni nani achimbe choo.

Chini ya kibomba palikuwa na tundu lenye mlango wa mbao, umezibwa kwa udongo na samadi. Mzee aliufungua mara moja nikiwapo. Alitia mkono taratibu, akatoa vifuko vichache vya asali vyenye ukubwa wa punje za njegere, akaacha vyenye watoto, akaziba tena. Kwao, mtu akitoboa mti wa nyuki na kuutia alama, mti huo ni wake na wa wanawe, hata ardhi ikipita mikononi mwa nani.

"Baba yangu ndiye alitoboa hii, mzungu akiwa bado kwao," alisema, akanionyesha alama tatu za panga. Nilishika ukingo wa lile tundu. Gome lilikuwa limekua na kulizunguka, nene kama mdomo wa ng'ombe. Hata mjinga angejua kazi ile ni ya zamani sana.

Basi ikaja habari kwamba ofisa wa ardhi atafika kusikiliza vibarua wa zamani. Yeyote mwenye kitu cha kuonyesha kwamba watu wake walikuwapo kabla ya mzungu angeachiwa ekari mbili pale pale kitu kilipo. Asiyenacho aondoke. Mzee hakuwa na kaburi wala nyumba ya kuonyesha, maana mzungu alikuwa amelima kila mahali. Alikuwa na mzeituni tu, na mzeituni ulikuwa kwenye kipande chetu.

Laiti ningeweza kusema mume wangu aliukata kwa ujanja. Ujanja unataka akili. Yeye aliukata kwa ajili ya pombe. Alikuwa anafungua nyumba ya mabati, ameita kamati nzima, na mtu wa kwetu hawezi kufungua nyumba bila muratina, na muratina inataka asali. Akaniuliza msituni kuna nyuki? Nikasema wapo. Sikuwaza. Au niliwaza, sikumbuki tena, na siku hizi siulizi.

Wakaenda na magunia yao, na mioto, na shoka. Kule kwetu mzinga hufukizwa moshi kwa kuwa nyuki wa kule huua punda. Hawa waliwafukiza hadi msitu ukakohoa, wakauangusha mti mzima, wakalipasua shina. Nyuki wakawatambaa usoni wakitafuta jasho, na mwenyekiti wa kamati akakimbia akipiga mayowe, gunia likamgeuka, akajigonga kwenye mti mwingine. Walirudi na asali isiyojaza kikombe, kali kama ndimu, imechanganyika na watoto waliopondeka. Muratina ikapikwa kwa sukari ya dukani. Kila mtu aliisifu.

Shina lilichomwa mkaa. Mkaa wa mzeituni hauna mfano, niliupikia miezi miwili.

Ofisa alipokuja, mzee alimpeleka mpaka kwenye kisiki, akaeleza habari za mlango, baba yake na alama tatu. Kamati ilisimama nyuma ikitabasamu. Ndipo walipogundua walichofanya, na mume wangu akaanza kujitia kwamba alikuwa amepanga.

"Nani mwingine aliona huo mlango?" ofisa akauliza.

"Huyu mama ameuona," mzee akasema. "Ameushika na mkono."

Hakunisihi. Alinitazama bila wasiwasi wowote, kama mtu aliyekwisha kushinda kesi. Mume wangu alikohoa. Nikazifikiria ekari mbili, udongo ule mweusi wa msitu usiowahi kuguswa na jembe.

"Mimi huokota kuni tu," nikasema. "Sikuona mlango."

Ofisa akaandika. Mzee aliinamisha kichwa kidogo, akaniambia, "Sawa, mama," kwa upole, kama anayemtuliza mtoto aliyevunja chungu. Kabla ya Jumapili kibanda kilikuwa kitupu. Mahindi ya kwanza pale penye kisiki nilipanda mimi, na yalizaa vizuri kuliko ya mtu yeyote.