Mgeni Kutoka Kiribati

Kanisa letu hapa Kericho lilipopokea wageni wa mkutano wa akina mama, wenzangu walipewa Wajerumani, nami nikapewa mwanamke wa Kiribati. Nilikuwa nimefundisha jiografia hadi nikastaafu, lakini nchi hiyo sikuijua zaidi ya mistari miwili: visiwa vya matumbawe katikati ya Pasifiki, Ikweta inapita, basi.

Siku ya pili aliona nduma zetu kando ya kijito, akachuchumaa, akashika jani kama anayemshika mtoto shavu. Kwao, alisema, huchimba shimo kwenye mchanga hadi kwenye maji baridi, wakapanda humo mmea unaofanana na huu. Sasa bahari inaingia na mizizi inaoza.

Alisema Kiingereza, nikamtafsiria mama yangu mzee ninayeishi naye.

"Kwani hakuna mlima wa kukimbilia?" mama akauliza.

Mgeni akacheka. Kilikuwepo kisiwa kimoja kilichoinuka, Banaba, kwao bibi yake. Lakini mwamba wake ulikuwa mbolea. Waingereza waliuchimba, ukaenda kurutubisha mashamba ya Australia na New Zealand, na wenyeji wakapakiwa melini wakapelekwa kisiwa cha mbali, huko Fiji. Hicho kisiwa kipya kilinunuliwa kwa pesa za mwamba wao wenyewe.

Mama akasema, "Mwambie hata mimi." Alizaliwa mahali ambapo Waingereza waliwaondoa, na leo ni mashamba ya chai tupu. Mama yake amezikwa humo.

"Basi twende tumwone," mgeni akasema. Kwao, katika jumba la mikutano la kijiji, kila ukoo una mahali pake pa kukaa. Hata mtu akipotea miaka mingi, akirudi atakaa palepale. Alitaka kuona mahali pa mama.

Tulienda Jumamosi. Askari wa kizuizi cha shamba alikuwa kijana wa kwetu, akamwamkia mama vizuri, akamwita kogo, yaani bibi.

"Lakini kogo, mimi nimeandikwa tu. Bila ruhusa ya ofisi siwezi fungua."

"Ruhusa ya kuona mama yangu?"

Kijana akatazama viatu vyake.

Tukabaki barabarani. Mama akanyoosha fimbo yake: "Pale, chini ya ile mikaratusi." Mashine ya kuchuma chai ilikuwa inapita palepale, ikinguruma. Mgeni akavua viatu. Akatandaza mikono kama ndege wa baharini anayeelea, akaimba kwa lugha yao, polepole, vidole tu vikitetemeka. Mama akalia. Askari akatugeuzia mgongo.

Jumatatu mwenyekiti wa akina mama akaja na mchungaji.

"Mwalimu, umetuaibisha," mwenyekiti akasema. "Unapeleka mgeni kufanya maandamano getini?"

"Tulikwenda kaburini."

"Hayo mabati ya kanisa yalitoka wapi? Si ni kampuni ya chai?"

Mchungaji alikunywa chai yangu hadi tone la mwisho. Walipoondoka walimchukua mgeni akalale kwa mwenyekiti. Alinikumbatia mlangoni, akamuaga mama kwa kuweka paji lake la uso juu ya mkono wa mama. Jumapili nilimwona kwa mbali tu, amekalishwa mbele. Mchungaji aliomba Mungu airudishe bahari nyuma iache visiwa vya dada yetu, na kanisa zima likaitikia amina kwa nguvu. Kuhusu wale waliozikwa chini ya chai, hakuna aliyefungua mdomo. Nami sikufungua.

Mama alifariki kabla mwaka haujaisha. Nilikwenda mwenyewe ofisi ya shamba kuomba azikwe karibu na mama yake. Karani alinisikiliza akiwa amesimama, akaniambia ningoje nipigiwe simu. Simu haikulia. Tulimzika kwenye ploti yangu ndogo, karibu kabisa na ua wa jirani, na siku ya mazishi gari la kampuni likawaletea waombolezaji sukari na majani ya chai.