Koti la Mjomba Ilarie

Mke wangu Zamfira ana ugonjwa wake mmoja: hawezi kuona kokwa ya jozi mezani akanyamaza. Ataipasua, akwambie tezi dume ina ukubwa huohuo, imejaa vijifereji, na kila kijifereji kimezungukwa na safu mbili za seli. "Za ndani ni ndefu, ndizo zinazotoa majimaji. Za nje ni fupi, zimekumbatia ukuta. Halafu misuli ya kukamua." Wageni wanaweka uma chini. Mimi nimeshazoea, ndiyo kazi yake pale hospitalini Craiova, kuchungulia nyama za watu kwenye hadubini.

Mwezi uliopita vikaja vipande vya tezi ya mjomba wake, Ilarie. Vijifereji vimesongamana, na ile safu ya nje haionekani. Penye saratani safu hiyo huwa haipo.

"Bado sijui, mjomba," akamwambia kwenye simu. "Ngoja nipake rangi nyingine inayoitafuta safu ya nje."

Mzee wa watu neno ngoja halikumwingia. Kwetu Oltenia, anayehisi safari imekaribia hujifanyia karamu ya matanga angali hai, akagawa vitu vyake ili avikute ahera. Ilarie akaalika kijiji kizima Jumamosi.

Jumamosi hiyo asubuhi nikampeleka Zamfira kazini, nikamngoja garini. Mara huyo anakuja mbio na koti lake jeupe, analia huku anacheka.

"Ipo! Safu ya nje ipo, imezunguka kila mahali, imeshika rangi, kahawia tupu. Washa gari, mwanamume, unanitolea macho ya nini?"

Kwa mjomba tulikuta supu imeshapakuliwa na mishumaa inawaka. Mjomba alikuwa na shati tu kwenye baridi ile, na jirani yake Sandu amevaa koti la mzee la manyoya ya kondoo, ameshagawiwa.

Zamfira akamshika mabega. "Mjomba, huna saratani. Ni tezi ya kizee tu."

"Safu zote mbili umeziona?"

"Zote mbili, kwa macho yangu."

Mzee akatazama supu yake, machozi yanamdondoka. Kisha akamgeukia Sandu.

"Vua koti."

"Ala, mzee, kitu cha matanga hakirudishwi. Umenipa ulikute ahera."

"Ya ahera nitayajua hukohuko. Mimi hapa nasikia baridi."

Sandu akalivua, akamvisha yeye mwenyewe, akamfunga vifungo mpaka shingoni.